Shemasi Anauliza: Kulungu Apigwe kwa Risasi Gani?

Mpendwa Mama Jawahir, nakusoma kila Ijumaa hapa dukani na leo ni zamu yangu kuomba msaada, na tafadhali usinitaje jina kwa sababu mimi ni mtu wa heshima, ni shemasi, nina duka la vifaa vya ujenzi Kianjokoma, lile la paa la kijani, na ni mwenyekiti wa mradi wa maji, na swali langu ni la kitaalamu tu, linahusu risasi.

Nina bunduki ya marisau, ile inayotema punje nyingi kwa mpigo mmoja, na kibali chake ninacho, nilipewa baada ya wezi kuvunja duka, sasa shamba langu linapakana na msitu na kulungu mmoja jike alikuwa anaingia kila asubuhi kula minji yangu, hizi njegere, mstari baada ya mstari, mimi nikiwa nimesimama pale na kikombe cha chai kama mgeni wake, nikamweleza shemeji yangu Mithika wa Makutano huko Meru, ambaye zamani alikuwa anasindikiza wageni kupiga kwale, naye akacheka sana akanipa boksi la risasi za kwale zilizombakia akasema, "Shemeji, kutoka karibu hivyo hata ukimtupia changarawe atalala." Mimi nikamwamini kwa sababu amekaa na wazungu.

Basi siku ya Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikamsubiri nyuma ya tangi la maji, akaja, nikapima hatua kumi na mbili, nikampiga, na Mama, hakulala, alibweka kama mbwa, akaanguka kwa magoti, akainuka akaenda akigonga miti ya ua mpaka akapotea kwenye majani chai, na mimi sikumfuata, si kwa ubaya, nilikuwa na kikao cha kamati saa mbili na viatu vilikuwa vimeshapigwa rangi, na mke wangu Regina alipouliza ule mlio nikamwambia nimefukuza nyani.

Siku ya nne jirani yangu Muthoni, mjane, alienda kukatia ng'ombe nyasi za nepia akamkuta kulungu amelala ndani, bado yuko hai, jicho moja limeziba, uso umejaa nzi, maziwa yanamtoka, akapiga nduru, watu wakaja, askari wa wanyamapori wakaitwa wakammaliza hapo hapo, na mimi nilikuwa kwenye umati nikatikisa kichwa na wengine nikasema watu wamekuwa wakatili siku hizi.

Tangu siku hiyo silali vizuri, ile sauti naisikia hata nikiwa nahesabu misumari, ndiyo sababu nauliza, kwa umbali mfupi namna hiyo ni risasi gani inafaa ili mnyama afe mara moja bila kuteseka, zile zenye punje kubwa tisa ama ile yenye risasi moja nzima, kwa sababu mwenzake ameanza kuja na mimi ni Mkristo, sitaki kurudia makosa.

Kuna kajambo kengine kadogo, askari walimkamata Njuki, kijana anayechoma makaa huku juu, kwa sababu ana mbwa watatu na miaka ya nyuma alishikwa na nyama ya porini, wakasema ana bunduki ya kujitengenezea, hawakuipata lakini amekosa mtu wa kumdhamini na yuko rumande siku ya tisa leo, na bibi yake Lorna alikuja kwangu na mtoto mgongoni akaniambia, "Shemasi, wewe unatujua, andika tu ya kwamba Njuki si mtu mbaya," nikamwandikia barua nzuri sana ya tabia njema, nikaipiga muhuri wa kanisa, hata sikumtoza nauli ya kuipeleka. Je, nimefanya vya kutosha?

Wako katika imani,
Mpenda Wanyama, Embu

Mama Jawahir anajibu:

Mpenda Wanyama, pole kwa usingizi. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ingawa kwa hilo paa la kijani na mradi wa maji, hata kuku wa Kianjokoma wameshakujua.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikimtafuta mtu aliyeumia. Nilimkuta mwishoni kabisa, nyuma ya punje tisa, nyuma ya viatu vilivyopigwa rangi. Umemwita "kajambo kengine kadogo". Ana mke, ana mtoto, na yuko ndani kwa ajili ya kidole chako.

Lakini umeuliza swali la kitaalamu, na mimi si mtu wa kukwepa maswali. Marehemu mume wangu Elmi alikuwa askari wa akiba upande wa Garba Tula, na bunduki zilikaa nyumbani kwetu kama sufuria. Risasi ya kwale imejaa vijipunje kama mtama. Hata ukisimama hatua kumi na mbili, vinaishia kwenye ngozi na nyama ya juu. Vinapofua macho, vinachana uso, havifiki moyoni. Mithika alikaa na wazungu, lakini bila shaka alikuwa anawabebea chakula. Punje kubwa zingemwangusha. Ile risasi moja nzima ingemmaliza haraka zaidi. Haya, umejibiwa, na jibu hilo halikusaidii chochote, kwa sababu nchi hii ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977, na kibali chako ni cha kulinda misumari, si minji. Kwako wewe hakuna risasi ya huruma. Elmi alikuwa akisema kwamba mtu aliyejeruhi mnyama akaenda zake kunywa uji hana haki ya kushika hata manati. Wewe ulienda kwenye kikao. Bure kabisa!

Kwa kawaida ningekuachia hapo usome Ijumaa pamoja na wenzako. Ila uliandika nambari ya simu nyuma ya bahasha, nami Jumanne nikapiga. Wasomaji wangu wana haki ya kujua tulivyozungumza.

"Halo, hapa ni Jawahir."

Ukanong'ona, "Mama, umeshaichapisha?"

"Bado. Njuki yuko wapi?"

"Yuko tu kule. Lakini nimesikia chakula si kibaya."

"Regina anajua?"

"Anajua ilikuwa nyani."

"Basi nenda umwambie ilikuwa kulungu, tena leo, kabla hajalisikia kwa Muthoni. Kesho mchukue wakili. Peleka bunduki kituoni ikiwa tupu, na boksi la hizo risasi pamoja na zilizobaki. Useme ulisimama wapi na ulipiga saa ngapi."

"Mama, nitapoteza ushemasi."

"Njuki amepoteza siku kumi. Gazeti linatoka Ijumaa, na barua yako nitaichapa yote, koma kwa koma."

Ulinitukana kwa Kiembu, ukidhani Msomali wa Meru hakisikii. Nimeuza vitambaa hapo kwenu Manyatta miaka kumi na minane, bwana. Nilisikia kila neno, na lile la mama yangu nimekusamehe.

Sasa nikupe haki yako. Ulienda. Alhamisi ulinipigia mwenyewe ukanieleza kwamba Regina hakupiga kelele. Aliendelea kumenya viazi, kisha akauliza, "Siku zote hizi umekuwa ukisali na sisi mezani?" Akainuka akavaa kitenge chake, akakusindikiza kituoni. Huyo mwanamke mshike vizuri, hukustahili kupata wa namna hiyo. Ulisema afisa aliandika maelezo yako kurasa nne, bunduki ikabaki kwake, nawe ukarudi nyumbani ukiwa na tarehe ya kufika mahakamani. Asubuhi yake mashtaka ya Njuki yaliondolewa.

Kesi yako isikilize kwa adabu. Usitafute mtu anayemjua mtu. Ushemasi uuweke chini wewe mwenyewe Jumapili hii kabla hujaondolewa, na utaje sababu kwa maneno ya kawaida, bila kuanza na shetani. Mithika mrudishie salamu zake, na ukome kumwuliza mambo. Ile minji izungushie waya wa matundu madogo, uufikishe kifuani mwa mtu, na kulungu wakipita hapo ripoti kwa askari wa wanyamapori. Kuna fomu ya mimea iliyoharibiwa, na wewe kalamu inakutii sana ukitaka.

Limebaki lile uliloniambia mwisho wa simu, ambalo nimelifikiria tangu jana. Ulikuwa umesimama nje ya mahakama na suti yako. Njuki akatoka, ndala mguuni, Lorna akimshika mkono. Ukamwita. Akakupita kama nguzo ya stima. Ukaniuliza, "Mama, na hiyo si dharau? Baada ya mimi kujitoa vile?"

Bwana, mwache apite. Kesho vua suti, chukua jembe, panda huko juu kwake. Maharagwe yake yamekaa siku kumi na mbili bila mtu, na majani yameyafunika. Mwombe ruhusa Lorna, kwanza sema ni wewe uliyepiga, kisha uanze mstari wa kwanza. Akikuletea maji, shukuru. Njuki akitoka nje asikusalimie, endelea kupalilia.