Mama Mkwe Anataka Kuninunulia Kadi ya Sauti

Kwako Mama Teresia,

Pokea salamu kutoka Voi. Nina shida mbili, kadi ya sauti na mama mkwe, na zote ziko kwenye kompyuta moja, kwa hivyo naomba unisome mpaka mwisho kabla hujacheka.

Mimi ni fundi wa stima, na nyumbani nina kompyuta ya mezani ninayotumia kurekodi kwaya ya kanisa letu, na mwimbaji wetu wa mbele, yule anayeanza peke yake kabla wengine hawajaitikia, ni mama mkwe, mamake mke wangu Ndunge, na sisi Wakamba tuna nthoni, ile heshima ya kutokaribiana na mama mkwe, hivyo siku ya kurekodi wao wanaimba sebuleni na mimi najifungia chumbani na kompyuta, waya wa maiki na ule wa spika inayowapigia kinanda nilichokirekodi kwenye kompyuta zinapita chini ya mlango, nikiwa na neno nampigia Ndunge simu naye anamwambia mamake, na mpango huo haukuwa na tatizo lolote mpaka mwaka jana, sauti ya mama ilipoanza kupotea njia.

Sisemi anaimba vibaya, Mungu anisamehe, nasema kinanda kikiwa hapa yeye anakuwa pale, na anaingia wengine wakiwa wameshaingia, na Donald, mwalimu wa kwaya, aliposikia rekodi mbele ya watu wote akauliza, "Muinde, hii nini sasa?" Kila mtu akanitazama mimi, mama mkwe akatazama sakafu, nami kwa uoga nikasema, "Mwalimu, ni kadi ya sauti ya kompyuta, imechoka." Mama akashusha pumzi akamwambia Ndunge, nikasikia mwenyewe, "Afadhali. Nilidhani ni mimi."

Tangu siku hiyo kadi imebeba lawama zote, mama akisema kinanda kwenye spika kinasikika kama kimefunikwa blanketi namjibu kupitia Ndunge kwamba ni kadi, Ndunge akilalamika kwamba siku hizi ujumbe wangu lazima aurudie mara mbili mbili nasema ni uchovu wa mazoezi, na nikimwamkia mama kwa mbali sokoni asiponiitikia najiambia huyu mama anajua nthoni kunishinda. Sasa amesimama kanisani akatangaza kwamba yeye mwenyewe atanunua kadi mpya kabla ya tamasha la kwaya kule Wundanyi, ambako rekodi yetu itachezwa, kazi ya kuchagua ni yangu, na Donald amesema wazi kwamba rekodi ikitoka vile tena na kadi ni mpya, sehemu ya mama anampa binti mmoja anaitwa Kathini.

Nimeenda kwa muuza vifaa hapa mjini, kuna kadi ya kuchomekwa ndani ya kompyuta, hiyo ni ya kusikilizia muziki, kwa maiki ni hafifu, itafifisha kila kitu na hakuna atakayejua nani alikosea, halafu kuna ya nje, kisanduku cha USB, muuzaji anasema inanasa mpaka kuku akivuta pumzi, sasa nikichukua nzuri namwaibisha mama wa watu mbele ya kaunti nzima, nikichukua mbaya nimemtia hasara na uongo wangu unaendelea, nichukue gani?

Ni mimi Muinde, Voi.

*

Muinde,

Nimecheka, kisha nikaacha. Wewe ni fundi wa stima. Mteja akikuambia taa zake zinafifia, utalaumu balbu mwaka mzima bila kupima waya? Umeniandikia barua ndefu kuhusu kadi, na ndani yake umenieleza habari za mama asiyesikia vizuri, na wewe mwenyewe hukuona.

Hebu jisome. Kinanda kimefunikwa blanketi. Anaingia nyuma ya wengine. Ujumbe lazima urudiwe. Anaamkiwa sokoni na haitikii. Hiyo si nthoni, bwana. Wewe unasimama mbali kwa heshima, yeye hasikii, na unarudi nyumbani ukimsifu kwa adabu. Mimi si daktari. Huenda ni nta tu imejaa masikioni, huenda ni jambo zito zaidi. Lakini asiyekisikia kinanda atakifuata vipi?

Sasa nikugombeze kidogo. Mama alikuwa ameshaanza kujishuku. Yeye mwenyewe alitamka kwamba alidhani ni yeye, na pengine jioni ile ile angemwambia bintiye kwamba masikio yamekuwa mazito. Wewe ukamtolea kadi ya sauti. Najua ulimwonea huruma, na siwezi kukuita mtu mbaya. Ila mama wa watu amekaa mwaka mzima akiamini ugonjwa uko kwenye kompyuta yako, na hilo limeniuma.

Leo, si kesho, mwambie Ndunge kila ulichoniandikia, na wiki hii hii ampeleke mamake hospitali apimwe masikio. Nawe uende nao. Kaa benchi ya mbali ukitaka, mila haijakukataza kungoja. Ukitoka hapo mtafute Donald, umwambie kadi ya zamani haikuwa na kosa lolote, ulidanganya kwa uoga, na asiiguse sehemu ya mama kabla daktari hajasema. Atakufokea. Vumilia.

Kadi, chukua ile ya nje. Ile nyingine utaifungulia kompyuta bure, na mara nyingi kelele za humo ndani hujipenyeza kwenye rekodi. Lakini usinunue kwa sababu ya kuku wa muuzaji. Tazama kama kisanduku kina tundu la hedifoni lenye kidude chake cha kupandisha na kushusha sauti, na kiwashwe hapo hapo dukani ukisikilize kabla ya kuondoka. Siku ya kurekodi, waya wa USB ndio upite chini ya mlango. Kisanduku chenyewe kikae sebuleni, mkononi mwa mama, kinanda kimwingie masikioni kwa kiasi ambacho daktari ataruhusu, apandishe na kushusha mwenyewe.

Akisema hasikii, safari hii mwamini.

Mama Teresia