Mgeni wa Bustani ya Wazungu

Karisa, mjukuu na mume wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sote tu wazima, na mamako amevuna mihogo. Waniuliza kama mwarobaini ni mti wetu wa asili.

Nilipokuwa mtoto, hapa Gede ulikuwa mmoja tu, katika bustani ya miti ya Wazungu, umeletwa kutoka Bara Hindi. Mamangu, mganga wa mitishamba, alitafuna jani lake, akainamisha kichwa kama aliyekutana na mkwe. Kisha akasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Akaniogesha kwa majani yale, upele wangu ukakauka.

Bustani sasa ni viwanja, lakini ndege wamezisambaza mbegu hadi Sabaki. Nikienda kuchuma majani, ni mimi ninayepiga hodi.

Bibi yako