Tundu la Jikoni

Barnsley, 11 Januari 1987

Mwanangu Clifford,

Salamu. Natumaini u mzima na kwamba huko gerezani wanakupa blanketi la maana. Mimi sijambo, ila magoti. Najua sijakuandikia tangu siku ya hukumu, na leo nisingeandika kama si boila, mashine yangu ya gesi ya kupasha nyumba. Haitoi joto. Kimoto chake kidogo kinazimika kila mara, na theluji imefika dirishani. Jirani Winifred anasema niite fundi. Sitaki. Boila hii uliifunga wewe, na tangu Bi Ogden afe kwa boila uliyomkagulia, sitaki mtu aje kuchungulia kazi yako jikoni kwangu.

Mama yako

15 Januari

Mama,

Shikamoo. Niliuona mwandiko wako kwenye bahasha nikakaa nao kwanza kabla ya kufungua. Mimi mzima, ila chai ya hapa ungeimwaga.

Hakikisha saa ya boila haijazimwa, na kile kidude cha joto ukutani kimepandishwa. Kisha bonyeza kitufe chekundu, washa kimoto, uendelee kushikilia kitufe mpaka uhesabu thelathini. Polepole, Mama, ukiachia mapema kimoto kinazimika. Uniambie kimoto kina rangi gani.

Mwanao Cliff

20 Januari

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Nimehesabu, kimewaka, asante. Ni cha njano, kizuri kama cha mshumaa. Vyumbani joto ni la kubahatisha, kwa hiyo nashinda jikoni. Huko hakuna upepo tena, maana lile tundu la ukutani lenye wavu nimelishindilia sweta la marehemu baba yako tangu Krismasi. Fundi gani anaacha tundu ukutani kwenye baridi hii? Ila kichwa kinaniuma siku ya tatu, na asubuhi natapika. Mafua tu. Paka naye hataki kuingia jikoni, mjinga yule.

Mama

22 Januari

Mama,

Leo sina salamu. Zima boila, chomoa sweta, fungua madirisha. Nimemwomba mchungaji wa gereza ampigie simu Winifred sasa hivi, lakini wewe mbishi, utasema ni mafua, kwa hiyo naandika pia. Moto mzuri ni wa buluu. Huo wa njano umekosa hewa ya lile tundu, unatoa sumu isiyo na harufu. Ndiyo iliyomuua Bi Ogden.

Mahakamani niliapa kwamba tundu lake lilikuwa wazi na kwamba nilimwonya asilizibe. Uongo wote. Nililikuta limejaa matambara. Ilikuwa Ijumaa, nina haraka, nikatia sahihi kwamba boila ni salama nikaenda zangu. Nawe sikukuambia tundu lako ni la nini. Najua barua hii inasomwa kabla haijatoka hapa, na rufaa yangu ni mwezi ujao. Isomwe. Nijibu, hata mstari mmoja.

Cliff

6 Februari

Mwanangu Clifford,

Nilikuwa hospitali, ndiyo maana kimya. Sasa nina nafuu. Winifred alivuka theluji amevaa ndara, akanikuta nimelaza kichwa mezani, siitiki. Fundi amekuja, nimemwacha akague kila kitu.

Barua yako niliisoma mara mbili, nikalia, kisha nikakukasirikia sana. Siku ile ulipoapa nilikutazama nikajua unadanganya. Ndiyo sababu sikukuandikia.

Muda wote huu Rosalind, binti wa Bi Ogden, anaamini mama yake alionywa akapuuza. Jana nilimpelekea barua yako. Aliisoma amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani. Aliniuliza tu kama anaweza kubaki nayo. Nimemwachia.

Jumamosi ya wiki ijayo nakuja kukuona.

Mama yako