Chui Anayetazama Nyuma

Papa Paluku,

Cherehani yako bado iko dirishani. Mimi Masika, uliyeniita "Madame Fumua" kwa sababu nilifumua kuliko nilivyoshona, ndiye ninayeikalia sasa. Wanajeshi bado wanakuja hapa Butembo kushonesha alama za vikosi vyao. Nawaangalia mabega kwanza, ulivyonifundisha: radi ni watu wa radio, mabawa ni wa parashuti, chui ni wa kwenda mbele vitani. Wananipa pole kwa kifo chako. Nasema asante, naendelea kushona.

Kuna jambo sikukuambia.

Unakumbuka ile jozi ya chui niliyoikosea? Patroni ya bega la kuume, ile karatasi ya mchoro, inageuzwa kwa bega la kushoto, ili chui wote wawili watazame mbele askari anapotembea. Mimi nilishona wote upande mmoja. Ulicheka hadi ukavua miwani. "Huyu wa kushoto anaangalia nyuma, Masika. Chui hapana kimbia! Fumua."

Sikufumua. Niliificha chini ya vitambaa, nikasema kesho, halafu kesho. Siku uliyokwenda kwenye mkutano wa wazee wa kanisa, alikuja mtu mwenye suruali ya jeshi. Nilimwomba carte ya jeshi. Akasema imebaki kambini, na chef, mkubwa wake, atamfunga akirudi bila alama. Sheria yako naijua: bila carte, hapana chui. Lakini nilitaka kosa langu litoke nyumbani kabla hujaliona. Nikampa ile jozi. Hata nilifurahi, Papa. Nilifagia nikiimba.

Halafu ukapanda pikipiki kupeleka alama za kambi ya Beni. Hukufika. Muhindo, dereva wako, alirudi peke yake na jeraha la mguu, akatusimulia matangani. Watu wenye sare waliwasimamisha njiani. "Mimi nilizania ni basoda, askari ya kweli, nikapunguza. Papa akaangalia mukono ya ule mutu, akanipiga mu mugongo: Geuza! Ile chui ni ya kwetu! Nikageuza. Njo bakapiga masasi."

Watu waliguna, wakasema mzee alichanganyikiwa na hofu. Mama Kavira, mke wako, aliuliza mara mbili: chui gani? Mimi nilikuwa kando yake kwenye mkeka, nimemshikia kikombe cha chai.

Ulimwona chui wa kushoto anaangalia nyuma, ukajua ni mshono wa nani. Dakika yako ya mwisho, Papa, ulijua. Hilo ndilo linaloniua. Sijui kama ulinikasirikia. Naomba iwe ulinikasirikia.

Jumapili, mlangoni pa kanisa, Mama Kavira alinishika mkono. "Masika, we njo unajua mambo ya chui. Alitaka kusema nini?" Nikamjibu sijui. Nimetoka tu kuimba, mdomo bado una wimbo, nikamjibu sijui.

Patroni zako nimezitundika ukutani, ya kuume na ya kushoto. Sitampa mtu chui bila kuona carte, hata alie machozi. Ahadi hiyo ni ndogo, na majuto ni mjukuu. Ahadi kubwa ni hii: barua hii siipeleki kaburini. Mdomo wangu ni mwoga, kwa hiyo leo mchana nampa Mama Kavira aisome, nami nikisimama mbele yake. Ufunguo wa atelier, chumba hiki cha kushonea, nimeutia ndani ya bahasha. Akitaka kunifukuza, asihangaike kuuomba.

Lala salama, Papa. Ulisema yule chui ni wa kwetu. Hapana. Yule ni wangu.

Masika