Mwendo wa Mchukuzi

Baba, shikamoo.

Huku hatujambo. Paka wa dada kahamia kwangu, analala juu ya vitabu vyangu kama kavilipia. Magoti yako vipi?

Leo maabara tumeonyeshwa video, nikabaki mdomo wazi. Ndani ya seli, kitu kisichoonekana kwa macho, mna nyuzi zilizotandazwa kama barabara, na juu yake protini zinatembea. Zinatembea, Baba, kwa miguu miwili! Kila moja imebeba furushi kubwa kuliko yenyewe, na haiinui mguu wa nyuma mpaka wa mbele ushike. Hata sasa zimo mwilini mwako, zinashuka kutoka mgongoni hadi vidoleni, safari ya siku mbili tatu.

Nikaropoka, "Hivyo ndivyo baba anavyopanda ngazi za ghala na gunia!"

Mwalimu akageuka. "Si ulisema baba yako ni mfanyabiashara?"

Nilisema, Baba. Miaka mitatu nimesema hivyo. Nisamehe.

Nikamjibu kuwa wewe ni mchukuzi. Akaniomba niwaonyeshe mwendo wako. Nikajitwika kiti, nikatembea mbele ya darasa zima, na hakuna aliyecheka.

Ni mimi, binti wa mchukuzi.