Bana, Usiachie

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe, wifi na watoto. Mguu wa wifi unaendeleaje? Mimi mwili hauna neno, kikohozi kimeniacha. Moyo ndio ulionifanya nishike kalamu, maana kwenye simu ningelia tu.

Wiki tatu zilizopita mwalimu mmoja alituletea karakanani pikipiki yake kubwa yenye klachi ya mafuta, si ya waya. Alilalamika kwamba gia zinagoma kuingia na mkono wa klachi umelegea. Nilifungua kikombe cha mafuta pale kwenye usukani nikakuta meusi kama kahawa. Nikamwambia arudi saa kumi.

Kazi ile ya kubadili mafuta na kutoa hewa huenda haraka mkiwa wawili. Shemeji yako alikaa juu, akibana mkono wa klachi na kuongeza mafuta mapya ili kikombe kisikauke. Mimi nilichuchumaa chini, spana kwenye nati ya kutolea hewa, macho kwenye kimpira kinachopeleka mafuta machafu kwenye chupa. Namwambia, "Bana, usiachie." Nalegeza nati, mafuta yanatoka na mapovu, nakaza. "Haya, achia." Akiachia kabla sijakaza, hewa inarudi ndani na tunaanza upya. Miaka tisa ya ndoa na karakana, hajawahi kuniachia vibaya.

Nati ikiwa wazi, akaniambia amepata kazi kwenye kampuni yenu. Fundi mkuu wa pikipiki, anaanza Jumatatu. Nilidhani ananitania. Nikamuuliza, si ndiyo nafasi niliyoomba mimi, ambayo kaka aliniambia imefutwa? Akasema, "Kaza kwanza, mkono unachoka." Nikakaza. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alisubiri niwe pale chini: alijua siwezi kuinuka.

Sikupiga kelele. Tuliendelea mpaka mafuta yakatoka safi bila povu, nikafunga kikombe, nikafuta matone yasije yakala rangi ya tangi. Mwalimu alizunguka nayo mtaa mzima, akarudi anacheka, akampa shemeji yako mkono na kumsifu kwa ufundi. Shemeji yako akashukuru. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na kitambaa mkononi.

Alipoanza kazi, siku ya nne tu akanipigia kwa kunong'ona. Aliacha kikombe cha pikipiki ya kampuni kikauke, hewa ikaingia, klachi ikafa kabisa na bosi anasubiri. Nilitamani kukata. Lakini kuna mtu angeipanda ile pikipiki, kwa hiyo nikamwelekeza hatua kwa hatua mpaka mkono ukakaza. Jioni alirudi amepongezwa. Naona aibu kukuambia kwamba nilimpakulia chakula.

Kaka, siku zote hizo nilikuwa nakutetea. Nilisema moyoni, na kaka naye amedanganywa. Nilipanga kukuandikia nimshtaki kwako.

Juzi, nikitafuta kadi yangu ya kliniki kwenye bahasha yake ya vyeti, nikakuta nakala ya barua ya kumpendekeza. Mwandiko wako, sahihi yako. Na maneno ni yangu, kaka. Ni yale niliyoandika kwenye ombi langu nililokukabidhi mkononi, kuhusu klachi za pikipiki sita za zahanati. Mimi niliandika "kwa mikono yangu mwenyewe", wewe ukaweka "kwa mikono yake mwenyewe."

Nilimuuliza. Akasema ulimwambia mume hawezi kubaki kibandani wakati mke anavaa ovaroli ya kampuni. Mlikaa mkalijadili hilo sebuleni kwako, na mimi nikiwa jikoni namsaidia wifi.

Simu zake za kazini sizipokei tena, na kuanzia leo nalala chumba cha karakana. Usije kutusuluhisha, huwezi kuwa hakimu. Nirudishie tu ombi langu, nakala halisi, nitalipeleka kwingine.

Wabusu watoto. Wifi mwambie asimame kidogo kidogo, asiulazimishe mguu. Wewe sijui nikusalimie vipi.

Mdogo wako,
Fundi