Sahihi ya Mzee Aligo

Jumamosi, 7 Juni. Arua.
Nimefuta vumbi kwenye vitabu, kama kila Jumamosi. Mume wangu anapita akicheka: wenzangu wanafuga kuku, mimi nafuga karatasi. Acheke. Riwaya mbili za mwanzo za Mzee Aligo, toleo la kwanza, zote zina sahihi. Na leo nimeipata ya tatu mjini Koboko, kwa fundi wa redio. Haina sahihi. Inanuka moshi kama vitabu vya baba. Baba alitusomea hizi ukimbizini, ng'ambo ya mto Kaya, akiigiza sauti zote, hata ya mbuzi. Nimemkumbuka mno.

Jumanne, 10 Juni.
Kumbe mzee yu hai! Anaishi Midia kwa bintiye. Nitakwenda na vitabu vyote vitatu.

Alhamisi, 12 Juni.
Heri nisingekwenda. Mzee alifungua ile ya kwanza, akapitisha kidole juu ya sahihi.

"Hii si mukono yangu, mwanangu. Hii iko ya mama Roza."

Mkewe, marehemu. Siku zile mzee aliona haya kukaa sokoni Arua na vitabu vyake. Mke ndiye aliyeuza. Mteja akitaka sahihi, mke anaandika jina la mumewe, basi. Zote mbili! Na mimi miaka yote najidai.

Kisha akaniomba. "Wachia mimi moja. Nyumba ilichomeka na vita. Kitu yake ingine hapana iko."

Nikasema nitafikiria. Nimerudi na vyote vitatu. Hata kalamu, ya kumwomba atie sahihi ile ya tatu, sikuitoa.

Ijumaa, 13 Juni.
Hasira zimeisha, imebaki aibu. Ningesikia kuna ukurasa mmoja tu wenye mwandiko wa baba, ningeufuata kwa miguu hadi Oraba mpakani. Mume wangu leo hakucheka.

Jumapili, 15 Juni.
Nimempelekea ile ya kwanza; ya tatu ilikuwa mkobani. Aliipokea kwa mikono miwili. Bintiye alileta chai.

Baadaye akaomba ile ya tatu, na kalamu. Akaweka kitabu cha mkewe wazi kando yake, akaanza kuandika jina lake polepole, akitazama huku, akitazama kule, akiiga mwandiko wa mkewe. Herufi ya mwisho ilimshinda.

"Yeye alikuwa naandika muzuri," akasema, akanirudishia kalamu.